Jiko dogo, vyombo vichache: kipi kistahili nafasi?

Wasikilizaji wetu wengi hupika mahali padogo. Kuna banda la jiko nyuma ya nyumba, ambalo watu wawili wakiingia wanagusana mabega. Kuna baraza ya chumba cha kupanga pale senta ya kijiji, anapoishi mwalimu au muuguzi aliyehamia juzi. Kuna geto la mwanafunzi wa sekondari aliye mbali na kwao, ambamo kitanda, madaftari na sufuria viko chumba kimoja. Kuna kibanda cha mama lishe mnadani, ambacho asubuhi kinajengwa na jioni kinabomolewa.

Mahali padogo, kosa dogo huwa kubwa. Moshi hukosa pa kutokea. Mtoto anayetambaa yuko hatua moja tu kutoka kwenye uji unaochemka. Chombo kisicho na kazi kinaziba njia, na siku ya haraka mtu anajikwaa.

Katika makala haya tunaeleza vyombo ambavyo vinastahili nafasi katika jiko dogo, jinsi vinavyofanya kazi, na vile ambavyo ni afadhali kuviacha dukani. Kabla ya kununua chochote, jiulize maswali matatu:

1. Je, chombo hiki kinapunguza moto, moshi au hatari?
2. Je, kinafanya kazi zaidi ya moja?
3. Kikimaliza kazi, kinakaa wapi?

Chombo kisichojibu vizuri hata swali moja kati ya hayo, kiache. Utaona hapa chini kwamba vyombo bora kwa jiko dogo mara nyingi si vya bei kubwa, na vingine unaweza kuvitengeneza nyumbani.

Kwanza kabisa: hewa

Tunaanza na kitu ambacho hakiuzwi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa mapema duniani kutokana na moshi wa kupikia na nishati chafu za majumbani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Wanaovuta moshi huo zaidi ni wale wanaokaa karibu na moto: mama, msichana anayesaidia kupika, na mtoto aliyebebwa mgongoni.

Kama una banda la jiko, acha nafasi ya wazi kati ya ukuta na paa, pande mbili zinazotazamana, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Kama unapika barazani, weka jiko upande ambao upepo unapeleka moshi nje, usiurudishe chumbani. Kuni zipasue ziwe nyembamba na uzikaushe chini ya paa. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto kukausha maji yake yenyewe, ndiyo maana hutoa moshi mwingi na chakula kinachelewa.

Mkaa unahitaji tahadhari ya pekee. Wengi hudhani kwamba mkaa ukishashika na moshi ukaisha, hatari imekwisha. Sivyo. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa gesi hiyo huingia kwenye damu mahali pa oksijeni, na mtu anaweza kufa usingizini bila kushtuka. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu, yanayoonekana kama yamezimika, bado yanaitoa.

Kwa hiyo jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala ili kuleta joto, hata wakati wa baridi kali ya Juni na Julai kule Makete au Njombe. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida ukiwa karibu na jiko, toka nje mara moja, watoe wengine, fungua milango na mwende kituo cha afya.

Sufuria tatu zinazoingiana

Jiko dogo halihitaji sufuria kumi. Kwa familia ya watu wanne hadi sita, sufuria tatu zinatosha: kubwa ya ugali, wali au maharage, ya kati ya mboga, na ndogo ya chai au uji wa mtoto. Chagua zile za ukingo ulio wazi, zisizo na mikono, ambazo moja inaingia ndani ya nyingine. Zikishaoshwa, zote tatu zinakaa pahali pa moja.

Angalia kitako. Sufuria yenye kitako bapa hukaa imara juu ya jiko na kupokea moto sawasawa. Iliyobonyea huyumba, na sufuria inayoyumba katika jiko dogo ni hatari hasa unaposonga ugali. Jaribu hapohapo dukani: iweke juu ya meza, ibonyeze ukingo kwa kidole. Ikicheza, chagua nyingine.

Kuhusu sufuria nzito zinazosubiwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu, kuna jambo la kujua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu vyombo vya aina hiyo kutoka Kameruni ulionyesha kwamba madini ya risasi yanaweza kutoka kwenye chombo na kuingia kwenye chakula. Risasi huathiri ubongo wa mtoto. Vyakula vyenye uchachu, kama nyanya, ndimu na ukwaju, huvuta zaidi madini kutoka kwenye chombo. Kama sufuria yako ni ya namna hiyo na hujui imetokana na nini, usiitumie kwa vyakula vichachu, na usihifadhi humo chakula cha usiku kucha. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu, inafaa zaidi kwa mchuzi wa nyanya.

Mfuniko unaokoa mkaa

Watu wengi hununua sufuria, kisha mfuniko unapotea au unatumika kama sinia. Katika jiko dogo mfuniko ni chombo cha kwanza kwa kuokoa moto.

Sababu ni hii. Maji yakishachemka, hayazidi kupata joto hata ukiongeza kuni. Mahali palipo karibu na usawa wa bahari, kama Tanga au Lindi, maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Mjini Mbeya, ambako ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Moto wote unaouongeza baada ya hapo unageuka mvuke na kupotea hewani. Maharage hayaivi haraka zaidi kwa kuchemka kwa kelele kuliko kwa kuchemka taratibu.

Kwa hiyo sufuria ikichemka, funika, kisha punguza moto: toa kuni moja, au funga mlango wa jiko la mkaa nusu. Chakula kitaiva kwa muda uleule, kwa moto kidogo, na mvuke hautalowesha kuta na unga wako. Hiyo pia inaeleza kwa nini maharage ya Mbeya huchukua muda mrefu kuliko ya Tanga: maji yake yanachemka yakiwa na joto dogo zaidi.

Kama mfuniko wa sufuria umepotea, sahani ya bati au sufuria nyingine iliyogeuzwa inafanya kazi hiyo. Vizuri zaidi, nunua mfuniko mmoja mkubwa bapa ambao unafunika sufuria zote tatu.

Jiko lenyewe

Mafiga matatu hayana gharama na yanabeba sufuria ya ukubwa wowote. Lakini joto jingi hupotea pembeni, na katika banda dogo miale ya moto iko wazi pande zote. Jiko banifu la kuni, lililojengwa kwa udongo kwa namna ya kuuzungushia moto ukuta, hupeleka joto kwenye sufuria na kuficha miale isimfikie mtoto.

Kwa mkaa, jiko la bati tupu ndilo linalokula zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi na wataalamu nchini Kenya walitengeneza jiko lenye koti la bati nje na kikombe cha udongo wa kuchoma ndani, wakichukua wazo kutoka majiko ya ndoo ya Thailand. Lilienea Afrika Mashariki na mbali zaidi. Udongo hutunza joto na kulielekeza juu. Makadirio ya kawaida ni kwamba hupunguza mkaa kwa asilimia 30 hadi 50 ukilinganisha na jiko la bati tupu. Ukienda kununua, gonga kikombe cha ndani kwa kidole. Kilicho kizima hutoa sauti kavu ya wazi, kilichopasuka hutoa sauti ya mkwaruzo. Hakikisha pia udongo umeshikana na bati bila kucheza.

Kumbuka tu kwamba jiko hili hupunguza mkaa. Gesi ya sumu bado ipo. Kanuni ya hewa tuliyoeleza hapo juu inabaki palepale.

Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake umefika senta nyingi za vijijini. Kwa mahali padogo una faida: hauna moshi, unawaka papo hapo, na jiko na mtungi ni kitu kimoja. Ila mtungi ukae wima kila wakati, na sufuria isiwe kubwa kupita kiasi juu yake, maana ikielemea upande inaweza kuangusha vyote. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini, sakafuni. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likitoa viputo, gesi inavuja. Usiwashe kiberiti wala swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango, toka nje.

Serikali ya Tanzania ilizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lakini kabla ya nishati hiyo kukufikia, au hata baada ya kukufikia ukiwa unatumia kuni na gesi kwa zamu, mfuniko na kapu tunaloeleza hapa chini vitapunguza gharama yoyote uliyo nayo.

Kwa wanaotumia jiko la mafuta ya taa, maarufu kama mchina: usiongeze mafuta jiko likiwaka, na usiweke mafuta ya taa kwenye chupa ya soda au maji. Katika chumba kimoja, mtoto mwenye kiu hatofautishi.

Kapu la moto: jiko lisilo na moto

Kama tungeambiwa tuchague chombo kimoja tu cha kuongeza katika jiko dogo, tungechagua hiki. Ni kapu lililojazwa vitu vinavyozuia joto kutoka. Unachemsha chakula, unakitia ndani ya kapu pamoja na sufuria yake, na kinaendelea kuiva chenyewe bila moto. Wazo si geni duniani. Wakati wa vita kuu mbili za dunia, Waingereza walipobanwa na uhaba wa makaa ya mawe, walipika kwa masanduku yaliyojazwa nyasi kavu.

Kulitengeneza:

- Chukua kapu imara, pana kuliko sufuria yako kwa kiganja kizima kila upande.
- Tandika chini na pembeni blanketi kuukuu, nguo chakavu, majani makavu ya migomba au nyasi kavu. Shindilia vizuri.
- Weka sufuria katikati ili itengeneze shimo la kukaa vizuri, bila nafasi ya hewa kati yake na vitambaa. Juu ya nyasi tandika kitambaa safi.
- Shona mto mnene wa kufunika juu.

Kulitumia:

- Wali: uache uchemke kama dakika 5 ukiwa umefunikwa, kisha utie kapuni kwa nusu saa hadi saa moja. Punguza maji kidogo, kwa sababu mvuke haupotei.
- Maharage: yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya. Yachemshe kwa nguvu dakika 15 hadi 20, yatie kapuni saa tatu au nne, kisha yarudishe motoni yachemke ndipo uunge.
- Nyama ngumu na makande: chemsha nusu saa, kapuni saa tatu au nne, chemsha tena kabla ya kula.

Kuna mambo matatu ya usalama. La kwanza: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa kuchemka kweli kwa angalau dakika 10. Kapu peke yake haliwezi kuimaliza, ndiyo maana hatua ya kuchemsha hairukwi. La pili: sufuria iwe imejaa kuanzia nusu kwenda juu. Chakula kidogo hupoa haraka. La tatu: usiache chakula kapuni hadi kesho yake. WHO inashauri chakula kilichopikwa kibaki juu ya nyuzi joto 60 mpaka kiliwe. Chakula vuguvugu ni mahali wadudu wa kuharisha wanapozaliana upesi. Ukifungua kapu ukakuta chakula hakitoi mvuke, usikile kabla ya kukichemsha.

Kapu hili linajibu maswali yetu yote matatu. Linapunguza moto na moshi. Usipopika, linahifadhi mto wake, vitambaa na hata vitunguu. Na wakati maharage yako yamo humo, jiko liko huru kwa ugali na mboga. Mwenye jiko moja anakuwa kama mwenye majiko mawili.

Chupa ya chai na hotipoti

Chupa ya chai hufanya kazi kwa kanuni ileile. Chemsha maji mara moja alfajiri, jaza chupa, na hutawasha moto tena kwa ajili ya uji wa mtoto saa nne au chai ya mgeni. Kwa mwanafunzi wa geto hiki ni chombo cha thamani: maji ya jioni yanatosha kwa chai ya kuamkia masomo.

Hotipoti hutunza ugali na chapati, na huwaokoa wanaochelewa shambani wasipashe chakula upya. Ila ichukuliwe kama chombo cha saa chache, si kabati la chakula.

Sufuria ya presha

Sufuria ya presha hufunga mvuke ndani. Mvuke ukibanwa, maji hupanda mpaka kama nyuzi joto 120, na maharage, kwato au nyama ya ng'ombe mzee huiva kwa sehemu ndogo ya muda wa kawaida. Kwa watu wa nyanda za juu, ambako maji huchemka mapema yakiwa bado hayana joto la kutosha, faida yake ni kubwa zaidi.

Masharti yake ni haya: usijaze zaidi ya theluthi mbili, na kwa maharage usivuke nusu, kwa sababu hutoa povu linaloweza kuziba tundu la mvuke. Angalia tundu hilo kila kabla ya kupika. Usilazimishe kufungua kabla mvuke haujaisha.

Kwa wenye umeme wa gridi, jiko la umeme la presha hufanya kazi hiyo kwa kujizima lenyewe likifikia joto linalotakiwa. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa huiva kwa umeme usiofika uniti moja. Lakini likiwaka huvuta kama wati 1,000, hivyo mfumo mdogo wa sola wa kuwashia taa na kuchaji simu hauliwezi.

Kisu kimoja kikali, ubao na mwiko

Kisu kimoja kikali kinashinda vitano butu. Kisu butu huteleza juu ya kitunguu na kuingia kidoleni. Kinoe kwa kinoo au jiwe laini lililoloweshwa maji, pande zote mbili, kila wiki. Kikae ukutani, juu, ncha ikiangalia chini.

Ubao wa kukatia uwe mpana kuliko mdomo wa ndoo au beseni lako. Ukiuweka juu ya ndoo unapata meza pasipo na meza, na maganda yanadondokea humohumo. Upande mmoja uutumie kwa nyama na samaki wabichi, upande mwingine kwa mboga na matunda. Weka alama kwa kisu ili kila mtu nyumbani ajue.

Mwiko mmoja mrefu wa ugali na upawa mmoja wa mchuzi vinatosha. Urefu wa mwiko ni jambo la usalama: mkono unakuwa mbali na mvuke na povu la ugali linaloruka. Ongeza na vitambaa viwili vinene vya kushikia sufuria, kwa kuwa sufuria zetu hazina mikono. Kanga inayoning'inia begani isiwe ndiyo kishikio, maana ncha yake hushika moto upesi.

Vyombo vya asili vilivyotengenezwa kwa nyumba ndogo

Waliotutangulia walipika katika nyumba ndogo, na vyombo vyao vinaonyesha hivyo. Mbuzi ya kukunia nazi ni kiti na kikunio kwa pamoja, na ikimaliza kazi hukunjwa na kuegemezwa ukutani. Kifumbu cha kukamulia tui hakina uzito na huning'inizwa kwenye msumari. Ungo hupepeta mchele, huanikia dagaa na mboga, na baada ya hapo hupamba ukuta. Kawa hufunika chakula dhidi ya nzi bila kukifungia mvuke.

Kinu kikubwa kikae nje, upenuni. Ndani weka kinu kidogo tu cha kitunguu saumu, tangawizi na pilipili. Kibao cha kusukumia chapati, ukikigeuza, ni ubao wa kukatia.

Maji na unga

Ndoo moja yenye mfuniko na koki inatosha kwa maji ya kunywa. Koki huzuia mikono na vikombe kuingia majini. Kwa kunawa mikono, kibuyu chirizi kilichofungwa nje ya mlango, kinachobonyezwa kwa mguu, hakichukui hata nafasi moja ya jikoni na kinatumia maji kidogo.

Mahindi, karanga na unga visikae karibu na mvuke wa sufuria. Unyevu huleta ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Tumia ndoo kavu yenye mfuniko unaobana, iinuliwe juu ya matofali au kichanja, na usile nafaka yenye ukungu au rangi isiyo ya kawaida.

Ukuta ndio kabati

Sakafu ikijaa, tazama juu. Funga kamba ngumu au waya kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya kichwa cha mtu mzima na mbali na moto, kisha ning'iniza vyombo kwa ndoano za waya. Ubao wenye misumari kumi unabeba miiko, upawa, kifumbu, ungo na vifuniko. Weka unachotumia kila siku usawa wa mkono, na unachotumia kwa sikukuu juu kabisa. Viberiti, visu na mafuta ya taa viwe pale mtoto asipofika hata akipanda ndoo.

Chora mstari sakafuni, hatua moja kutoka jikoni, kwa chokaa au mawe. Wafundishe watoto kwamba mstari huo hauvukwi moto ukiwaka.

Mtu akiungua

Mwagia maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo ya barafu, yakitiririka mahali palipoungua kwa dakika 20. Vua pete na nguo zisizoganda kwenye ngozi. Usipake dawa ya meno, unga, mafuta wala yai, kwa kuwa hufungia joto ndani na kuleta vidonda vibaya. Funika kwa kitambaa safi, na mpeleke kituo cha afya ikiwa ni mtoto, au ikiwa ameungua usoni, mikononi, sehemu za siri au eneo kubwa kuliko kiganja chake.

Usivyohitaji kwa sasa

Seti kubwa ya sufuria kumi, visu vya kupangwa kwenye boksi, mashine ya kufanya kazi moja kama kukata viazi tu, na vyombo vya plastiki vyembamba vya kuweka chakula cha moto: vyote hivi vinakula nafasi na fedha. Makopo ya rangi na ya dawa za shamba yasitumike kamwe kwa chakula au maji, hata yakioshwa mara mia.

Ukiwa na fedha kidogo, anza hivi

- Wiki hii, bila gharama: kausha kuni, fungua njia ya hewa, funika sufuria, chora mstari wa watoto.
- Mwezi huu, kwa gharama ndogo: tengeneza kapu la moto, noa kisu, piga ubao wa misumari.
- Ukiuza mazao: badilisha jiko la bati kwa jiko lenye kikombe cha udongo, au nunua mtungi mdogo wa gesi, kutegemea kinachopatikana karibu nawe.
- Baadaye: sufuria ya presha, kama familia yako hula maharage au makande mara kwa mara.

Na usituamini kwa maneno tu. Pima mwenyewe. Hesabu makopo ya mkaa au mizigo ya kuni unayotumia kwa wiki moja, kama unavyopika sasa. Wiki inayofuata, tumia mfuniko na kapu, kisha hesabu tena. Tofauti utakayoiona ndiyo faida yako: fedha inayobaki mfukoni, au safari ya kuni ambayo binti yako hatalazimika kwenda.